Sindano ya Paka na Sindano ya Nyanya: Amana Mbili Katika Friji Moja



 Barua tuliyoichagua imetoka kwa mama mmoja wa hapa Mombasa. Ametuomba tusilitaje jina lake, nasi tumemhifadhia.

Atueleza kwamba paka wao wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi, alianza kunywa maji kwa wingi na kukojoa kila mara. Alikuwa akila vizuri, lakini mwili ukipungua. Daktari wa wanyama alimpima, akathibitisha kuwa ana maradhi ya sukari, akamwandikia insulini mara mbili kwa siku. Nyumbani humo yumo pia mavyaa wa mama huyu, nyanya wa watoto, ambaye kwa miaka mingi hujidunga insulini yake mwenyewe. Basi mama yetu auliza mambo matatu. Kwanza, je, aweza kumdunga paka kwa sirinji za mavyaa, au hata kwa dawa yake, ili apunguze gharama? Pili, amesikia kwamba insulini ya wanyama hutokana na nguruwe, afanyeje? Na la tatu ndilo lililotufanya tuitangulize barua yake mbele ya nyingine. Jioni moja yeye alimdunga paka, kisha akaenda kuswali. Binti yake, asijue, akamdunga mara ya pili. Baada ya saa chache paka alianza kupepesuka kama mlevi, kisha akaanguka. Alhamdulillahi, walimpaka asali ufizini, wakamkimbiza kwa daktari, akapona. Auliza: tufanye nini ili jambo hili lisirudi?

Huenda msomaji akanong'ona moyoni mwake, "Watu wakosa dawa, na paka adungwa insulini?" Twamjibu kwa upole kwamba aliyemtia mnyama nyumbani mwake ameubeba mzigo wake. Sote tumefundishwa chuoni kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, asimlishe wala asimwachie ajitafutie, na twajua mwisho wa mwanamke huyo. Lakini barua hii haimhusu paka peke yake. Insulini iliyomo ndani ya friji inaweza kumdhuru mtoto, mtumishi wa nyumbani, na nyanya mwenyewe. Kwa hivyo twawajibu nyote, wenye paka na wasio na paka, maadamu insulini imeingia katika nyumba zenu.

MARADHI YENYEWE

Insulini hutengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuifungulia sukari iliyomo damuni njia ya kuingia katika viungo, ili mwili upate nguvu. Insulini ikipungua, au mwili ukiacha kuitii, sukari hubaki damuni na kumwagika katika mkojo, ikivuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana paka hunywa sana, hukojoa sana, na hukonda hali ala. Wengine hudhoofika miguu ya nyuma wakawa wakanyaga kwa visigino. Aghalabu maradhi haya huwapata paka wa makamo na wazee, hasa madume waliohasiwa na paka wanene wasiotoka nyumbani.

Paka mwenye maradhi haya akitunzwa vyema huweza kuishi miaka mingi. Na katika paka kuna jambo ambalo kwa mbwa ni nadra: wengine, wakitibiwa mapema na kulishwa chakula chenye nyama nyingi na wanga kidogo, hupata nafuu kubwa hata wakaacha insulini kabisa. Jambo hilo tutalirudia, kwa sababu nafuu hiyo, ajapoifurahia mwenye paka, ina hatari ndani yake.

SWALI LA KWANZA: SIRINJI NA DAWA YA MAVYAA

Jawabu letu ni kwamba usiguse dawa ya mavyaa, wala usichukue sirinji yoyote kabla ya kusoma nambari iliyoandikwa juu ya kichupa cha paka. Sababu ni hii.

Insulini hupimwa kwa yuniti. Insulini nyingi ya watu inayouzwa katika maduka yetu ya dawa ina yuniti 100 ndani ya kila mililita moja. Insulini kadhaa zilizotengenezwa mahsusi kwa wanyama zina yuniti 40 ndani ya mililita moja. Kila aina ina sirinji yake, na mistari ya sirinji hiyo imechorwa kwa hesabu ya dawa yake. Kwa kawaida sirinji ya yuniti 100 huwa na kifuniko cha rangi ya chungwa, na ya yuniti 40 huwa na kifuniko chekundu. Lakini usitegemee rangi. Soma maandishi ya ubavuni mwa sirinji na maandishi ya kichupa, nambari zikikubaliana, endelea, zikitofautiana, simama.

Tupige hesabu pamoja, maana hesabu hii ni ya uhai. Tuseme daktari ameagiza yuniti 1 tu. Ukivuta insulini ya yuniti 100 kwa sirinji ya yuniti 40 mpaka mstari wa kwanza, umevuta yuniti mbili na nusu. Paka amepata zaidi ya mara mbili ya alichoandikiwa, ilhali macho yako yameona "moja". Ukigeuza, ukavuta insulini ya yuniti 40 kwa sirinji ya yuniti 100 mpaka mstari wa kwanza, umevuta chini ya nusu ya yuniti. Paka hatapona, nawe utarudi kwa daktari ukisema dawa haifanyi kazi. Daktari asipouliza kuhusu sirinji, huenda akakuongezea kipimo; kisha siku ukipata sirinji ya sawa, kipimo kile kikubwa kikamwangusha mnyama.

Na msishangae kusikia yuniti moja. Paka wengi huanzishiwa yuniti moja, au moja na zaidi kidogo, kila baada ya saa kumi na mbili. Yuniti moja ya insulini ya watu ni sehemu moja ya mia ya mililita, tone dogo lisilojaza hata ncha ya kijiko cha chai. Mwili wa paka wa kilo nne au tano hauna nafasi ya makosa kama mwili wa mtu mzima. Kipimo ambacho nyanya hujidunga asubuhi kabla ya kunywa chai chaweza kumuua paka.

Ni kweli kwamba pengine daktari wa wanyama humwandikia paka insulini ya watu, hasa aina ya glajini, kwa kuwa huchukua muda mrefu mwilini na huwafaa paka wengi. Hapo sirinji itakayotumika ni ya yuniti 100, sawa na za mavyaa. Hata hivyo, nunua kichupa cha paka mbali na pakiti ya sirinji za paka mbali. Sindano iliyokwisha kumwingia paka isimwingie mtu, wala ya mtu isimwingie paka. Na hata kwa paka mwenyewe, sirinji ni ya mara moja tu, kwani ncha hubutuka na kumwumiza. Ama zile kalamu za insulini wanazotumia wagonjwa wengi siku hizi, usiingize sirinji ndani yake kunyonya dawa. Zipo kalamu za watu zenye yuniti 300 kwa mililita moja, na mwenye kuvuta humo kwa sirinji ya kawaida huvuta mara tatu ya anachodhani.

SWALI LA PILI: ASILI YA DAWA

Insulini ilipatikana mjini Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, katika kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Mwezi wa Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo insulini ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu inayotengenezwa kwa bakteria waliotiwa maelekezo ya kuizalisha, na leo sehemu kubwa ya insulini ya watu ni ya namna hiyo.

Kwa wanyama zipo za namna zote mbili. Ile iitwayo Caninsulin, yenye yuniti 40, hutokana na nguruwe. Glajini haitokani na nguruwe, na ipo pia insulini ya paka yenye yuniti 40 isiyotokana na nguruwe. Basi, mama yetu, muulize daktari waziwazi: "Hii imetokana na nini, na je, ipo nyingine imfaayo paka wetu?" Swali hilo si la kuona haya, na daktari mwema atalijibu. Ikiwepo isiyo ya nguruwe, umetosheka. Isipopatikana, mlango wa dharura una masharti yake. Chukua maelezo ya daktari uyapeleke kwa imamu wako, uulize kwa ushahidi.

Lakini tahadhari: usikatishe dawa wala usibadilishe kichupa kwa uamuzi wako unapongoja jawabu. Insulini hizi hazifanani kwa nguvu wala kwa muda wa kufanya kazi, na mnyama aliyebadilishiwa hupaswa kupimwa upya.

KUIHIFADHI

Friji iwe na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Weka kichupa rafu ya kati, mbali na sehemu ya barafu na mbali na ukuta wa nyuma ambapo vitu huganda. Insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Mlangoni pia si mahali pazuri, kwa sababu mlango wa friji ya nyumba zetu hufunguliwa kila dakika na watoto watafutao maji baridi.

Dawa ya nyanya na dawa ya paka zisikae pamoja. Chukua mikebe miwili yenye vifuniko, ya rangi mbili. Mmoja uandike NYANYA, mwingine PAKA, kwa herufi ambazo nyanya ataziona bila miwani. Ndani ya mkebe wa paka weka kichupa chake peke yake. Sirinji zake ziwe mahali pa juu pasipofikiwa na mtoto, nazo ziandikwe vivyo hivyo. Jambo hili twalikazia, kwa kuwa mzee aamkaye alfajiri, macho mazito na taa haijawashwa, hushika kilicho karibu.

Siku unapofungua kichupa, andika tarehe juu yake. Kila dawa ina muda wake baada ya kufunguliwa, nao umeandikwa katika karatasi iliyomo kwenye pakiti. Muda ukipita, tupa, hata kama imebaki nusu. Wenye kuishi Lamu, Faza au Pate, ambao dawa yao huvuka bahari, na hata sisi tuvukao Likoni juani, tuibebe katika chupa ya kuhifadhia baridi, tuizungushie kitambaa ili isigusane na barafu. Isiachwe ndani ya gari. Umeme ukikatika, usifungue friji. Ikifungwa vizuri hudumu na baridi kwa saa nne hivi. Mtungi wa udongo hupunguza joto, lakini hewa ya pwani yetu ni ya unyevu, hivyo haufikii ubaridi wa friji. Asiye na friji na aombe nafasi kwa jirani, ila amkabidhi mkebe uliofungwa na ulioandikwa.

Kabla ya kuvuta dawa, itazame. Iliyo safi kama maji ikiwa na ukungu, au iliyo nyeupe ikiwa na mabonge yasiyochanganyika, usiitumie. Aina nyeupe huhitaji kuchanganywa kwanza. Nyingi huviringishwa polepole baina ya viganja, lakini iko ambayo maelekezo yake yasema itikiswe. Fuata karatasi ya dawa yako, usifuate ya jirani.

KUMDUNGA

Mwanzo ni chakula. Mpe paka chakula chake, umtazame akila. Paka aliyekula humdunga kwa amani. Paka aliyekataa chakula au anayetapika usimpe kipimo kamili. Mpigie daktari kwanza. Bora zaidi, mkubaliane naye mapema, siku ile ile alipokuandikia dawa, la kufanya jambo hilo likitokea usiku au sikukuu.

Nawa mikono. Vuta dawa mpaka mstari ulioagizwa, ukiiinua sirinji usawa wa macho mbele ya mwanga. Ukiona kiputo cha hewa, gonga kwa kidole mpaka kipande juu, ukirudishe. Kiputo chini ya ngozi hakimuui paka, lakini huchukua nafasi ya dawa, na katika kipimo kidogo namna hii nafasi hiyo ni kubwa.

Inua ngozi iliyolegea, ubavuni au karibu na shingo kama daktari alivyokuonyesha, ifanye kama hema dogo, uingize sindano chini ya hema hilo. Sukuma taratibu, kisha toa. Badilisha mahali kila siku ili ngozi isiwe ngumu. Pengine sindano hupenya upande wa pili na dawa ikamwagika juu ya manyoya. Utaona unyevu, utasikia harufu ya dawa. Hapo usidunge tena. Hujui ni kiasi gani kilichoingia na kiasi gani kilichomwagika. Ngoja wakati wa pili.

Saa za kudunga ziwe mbili zinazoachana kwa saa kumi na mbili. Magharibi ya pwani yetu huingia baada kidogo ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na ndipo nyumba inapokuwa na shughuli. Kwa hivyo twashauri saa moja asubuhi na saa moja jioni. Hata katika Ramadhani wakati huo watu wamekwisha kufungua na tarawehe haijaanza, basi hakuna haja ya kuivuruga ratiba ya mnyama kwa sababu ya mfungo wetu.

SWALI LA TATU: NANI AMEDUNGA?

Sasa twafika kwenye kiini cha barua. Makosa makubwa katika insulini hayatokani na ukatili. Hutokana na upendo wa watu wawili wasioambiana. Mama amedunga kwa huruma, na binti amedunga kwa huruma, na huruma mbili zikawa sumu moja.

Mfano wetu tuutoe katika jambo mnalolijua. Mwenye kuswali akishuku kama ameswali rakaa tatu au nne, hujenga juu ya uchache: huhesabu tatu, akaongeza ya nne, akasujudu sijida ya kusahau. Shaka ya swala hutibiwa kwa kuongeza. Shaka ya insulini ni kinyume chake. Ukishuku kama paka amedungwa au hakudungwa, hesabu kwamba amedungwa, wala usiongeze. Kipimo kimoja kikikosekana, sukari ya paka itapanda kwa nusu siku, na si neno. Kipimo kimoja kikizidi, sukari hushuka mpaka ubongo ukakosa chakula, na mnyama akafa mkononi mwako. Kadhalika paka akichelewa kurudi nyumbani na wakati ukapita sana, acha sindano hiyo. Usimdunge mara mbili kufidia.

Ili shaka yenyewe isiingie, fanyeni mambo matatu. La kwanza, mdungaji awe mmoja, na akisafiri amkabidhi mwingine kwa maneno: "Kuanzia leo jioni ni wewe." La pili, bandikeni karatasi juu ya friji yenye siku za mwezi na visanduku viwili kwa kila siku, asubuhi na jioni. Aliyedunga aandike saa na jina lake pale pale, kabla hajaosha mikono, kabla hajaitika simu. La tatu, kila asubuhi watenge sirinji mbili mpya za siku hiyo ndani ya mkebe wa juu. Ikibaki moja, ya asubuhi imekwisha kazi. Zikiisha, siku imekwisha, na yeyote atakayeshika sirinji ya tatu ataulizwa.

SUKARI IKISHUKA

Dalili ni hizi: paka hutafuta chakula kwa pupa au hujificha, hulegea, hutetemeka, hupepesuka, hulia ovyo, macho yakapotea; mwisho hupatwa na degedege au huzimia. Kila mtu wa nyumba azijue, hata mtoto wa miaka minane.

Akiwa macho na aweza kumeza, mpe chakula chake mara moja, na asali au shira ya sukari kidogo. Akiwa amelegea sana au ana degedege, usimmiminie kitu chochote mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Mpake asali au shira kidogo juu ya ufizi, kwa kidole, nje ya meno, ukijihadhari asikung'ate. Kisha mpeleke kwa daktari hata kama ameinuka na kuanza kutembea, kwa kuwa asali hupita upesi ilhali insulini yaendelea kufanya kazi kwa masaa. Usimdunge tena mpaka daktari aseme. Chupa ya asali na ikae karibu na karatasi ya friji, na nambari ya simu ya daktari iandikwe juu ya karatasi hiyo hiyo. Awe daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, si muuza dawa wa kubahatisha.

Twaongeza neno kwa ajili ya mitaa yetu. Paka wetu hutembea. Hula kwako, akala kwa jirani, akalala barazani kwa mtu wa tatu. Paka mwenye insulini ni bora azuiliwe ndani. Isipowezekana, waambie majirani. Jirani amwonaye akipepesuka hudhani amekula sumu ya panya, akamwacha afe, na kumbe tone la asali lingemwokoa.

Na hapa ndipo twairudia ile nafuu. Paka akianza kupona, mwili wake huhitaji insulini kidogo kila siku, lakini mkono wa mwenyewe waendelea kutoa ile ile ya jana. Basi ukiona kiu imepungua, mkojo umepungua na uzito umerudi, furahi, kisha mpeleke akapimwe. Wanaopima sukari nyumbani kwa tone la damu ya sikio wafanya vyema; ila wajue kwamba kipimio cha watu aghalabu humsomea paka chini ya kiwango chake halisi, na kwamba paka mwenye hofu hupanda sukari kwa hofu tu. Andika kila kipimo daftarini, mpelekee daktari daftari, na kipimo cha dawa abadilishe yeye.

SINDANO ILIYOKWISHA TUMIKA

Usiifunike tena kwa kifuniko chake, kwani wengi hujichoma wakati huo. Itumbukize moja kwa moja katika chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, kama ile ya sabuni ya maji, iliyoandikwa SINDANO. Ikijaa robo tatu, ifunge, uipeleke kwa daktari wa wanyama au zahanati wanakochoma taka za hospitali. Isitupwe jaani. Wako watu wanaochambua taka zetu kwa mikono mitupu ili walishe watoto wao, na mikono hiyo ina haki juu yetu.

Mtu mzima akijichoma kwa bahati mbaya na dawa ikamwingia, aoshe mahali hapo kwa maji na sabuni, ale kitu chenye sukari, asibaki peke yake, na aende hospitali akiwa na kichupa mkononi. Akiwa ni mtoto, usingoje dalili: mpe kitu kitamu na umkimbize hospitali saa ile ile.

Mama yetu, twakuombea, na binti yako usimlaumu. Alifanya jambo jema kwa wakati usiokuwa wake. Mfundishe kuandika karatasi ile kabla hujamfundisha kushika sindano, nawe uwe wa kwanza kuiandika. Mwenyezi Mungu amponye nyanya, ampe nafuu kiumbe mliyemhurumia, na azihifadhi nyumba zetu na madhara ya usahaulifu. Wabillahi tawfiq.